Kichujio cha ngazi: usinunue transista za kale

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi wa redio na sabufa hapa Morogoro. Nimejenga nakala ya kichujio cha sinthesaiza (chombo cha muziki cha umeme) ya Moog, ile moduli ya 904A yenye ngazi ya transista. Nimetumia BC547 na kapasita za kauri nilizozikuta dukani. Kinachuja, lakini siyo sauti ninayoisikia kwenye rekodi. Kila volti ya kukiendesha ikibadilika kinapiga "dup", hata kama hakuna sauti inayoingia. Nikifungua rezonansi yote, yaani ile sauti inayotoka ikarudishwa kwenye kichujio, hakitoi mluzi. Nikikiweka sawa asubuhi, mchana nakikuta kimehama. Jamaa yangu anasema nisihangaike, nitafute transista za miaka ya 1960, kwamba sauti imo humo. Bei yake ni kubwa na usafirishaji ni mkubwa zaidi. Je, nizinunue?

JIBU: Marahaba, fundi mwenzangu. Usizinunue. Ukitaka kutumia hela, nunua BC547 nyingine 50 za mfuko mmoja na kapasita 4 za polista (plastiki). Mambo yote matatu yanayokusumbua yana dawa, na hakuna hata moja linaloponywa na umri wa transista.

Tuanze na Robert Moog mwenyewe, mbunifu wa sinthesaiza hiyo, na alichokifanya. Kichujio cha kawaida ni rezista na kapasita, na ukitaka kuhamisha kikomo chake, yaani masafa ambayo sauti huanza kukatwa, unabadilisha rezista. Kwa mkono ni rahisi: unaweka volyumu. Ila mwanamuziki anataka kikomo kipande na kushuka chenyewe, kwa volti, mara kadhaa kwa sekunde. Moog aliona kwamba emita ya transista (mmoja wa miguu yake mitatu; mingine ni besi na kolekta) ni rezista tayari, na ukubwa wake unategemea mkondo unaopita. Aliomba hataza tarehe 10 Oktoba 1966 na akapewa tarehe 28 Oktoba 1969, namba 3,475,623 ya Marekani. Upinzani wa emita ni milivolti 26 ugawanye kwa mkondo. Ukipitisha mikroampea 26 unapata ohm 1,000. Ukipitisha mara 10 ya hapo unapata ohm 100.

Hizo milivolti 26 ndizo ninazotaka uzishike vizuri. Hazitoki kiwandani. Zinatokana na halijoto na chaji ya elektroni, kwa hiyo transista iliyotoka kiwandani mwaka 1966 na ile uliyoinunua wiki iliyopita zinazo sawasawa. Kikomo cha ngazi nzima kinapatikana hivi: mkondo wote wa ngazi, ugawanye kwa mara 8 ya pai, mara kapasita, mara volti 0.026. Tafuta jina la transista kwenye hesabu hiyo, hulioni.

Tuipige kwa kapasita ya nanofaradi 68, ambayo ndiyo iliyotumika kwenye Minimoog, sinthesaiza ndogo ya Moog. Ukitaka kikomo cha hezi 1,000 unahitaji mikroampea 44. Kwa hezi 20,000 unahitaji miliampea 0.9, na kwa hezi 20 mikroampea 0.9. BC547 inafanya kazi hiyo yote bila kutoka jasho.

Sasa tazama ngazi yako. Kuna jozi ya chini inayopokea sauti, halafu vidato 4 juu yake, kila kidato transista 2 na kapasita 1 kati ya emita zake. Jumla transista 10. Mkondo unaingia juu, unagawanyika kushoto na kulia, unateremka na kukutana tena chini. Sauti haiko kwenye mkondo wote. Iko kwenye tofauti kati ya upande wa kushoto na wa kulia. Kila kidato kinakata desibeli 6 kwa oktavu, vinne vinakata 24.

Kwa kuwa unatumia volti 12 chanya na hasi, weka besi za jozi ya chini kwenye volti 0 na emita zao ziteremke kwenye transista inayonyonya mkondo kuelekea volti 12 hasi. Besi za vidato zipate volti zao kwenye mnyororo wa rezista: 4 za kilohm 1 kuanzia graundi, kisha moja ya kilohm 8.2 hadi kwenye chanya. Mita yako itasoma karibu volti 0.98, 1.97, 2.95 na 3.93 kutoka chini kwenda juu. Usiogope kwamba kila transista inabakiwa na takriban volti 1 tu kati ya kolekta na emita. Ndani ya ngazi sauti ni milivolti chache, nafasi inatosha.

Sauti ya chombo chako cha kuzalisha mawimbi ni kubwa, tuseme msumeno wa volti 5 juu na 5 chini. Ukiipeleka hivyo hivyo kwenye besi ya jozi ya chini, au ukiipunguza kidogo tu, umeua ngazi. Jozi hiyo inaanza kulaza vilele pale tofauti ya besi zake inapokaribia milivolti 52, yaani mara mbili ya zile 26. Kwenye milivolti 20 mkondo umepungua kwa takriban asilimia 5 kuliko ungekuwa mnyoofu. Kwenye milivolti 60 umepungua kwa takriban asilimia 29. Hapo katikati ndipo penye sauti unayoitafuta.

Kuna jambo ambalo mafundi wengi hawalitaji, nami lilinichukua muda kulielewa. Kwa sauti zilizo chini sana ya kikomo, jozi ya juu hulirudisha umbo ambalo jozi ya chini imelilaza, kwa sababu kuna mkunjo uleule unaopigwa kinyume. Karibu na kikomo kapasita zinakula mkondo, umbo halirudi tena kama lilivyoingia, na unene mpya unazaliwa pale hasa ambapo sikio limeelekezwa. Ndiyo maana ngazi hii ikisukumwa kiasi haikwaruzi kama spika iliyopasuka. Sauti nzito inabaki safi, ukingo wa sauti unapata nyama.

Kwa hiyo weka volyumu kwenye mlango wa kuingilia, kisha rezista ya kilohm 100 hadi kwenye besi, na kilohm 1.2 kutoka besi hadi graundi. Volyumu ikifunguliwa yote, volti 5 zinakuwa milivolti 59. Ikiwa kwenye theluthi ya volti, ni kama 20. Sasa una kitu cha kuzungusha kwa mkono na kusikia tofauti, na nakuomba ukae nacho saa nzima kabla ya kubadilisha transista yoyote. Rezista hizo zikae kando ya transista yenyewe, waya usizidi sentimita chache, kwa sababu mbele yake kuna ukuzaji wa mara 250 na mngurumo wa hezi 50 wa umeme wa ukutani utakuzwa pamoja na muziki.

Ukuzaji huo ni wa lazima: kinachotoka juu ya ngazi kinakaribia ukubwa wa kilichoingia, milivolti 20 kwa 20. Unakichukua kwenye emita za jozi ya juu, pande zote mbili, unatoa upande mmoja kwenye mwingine kwa opampu, yaani chipu ya kukuzia. Najua una opampu nyingi za 4558 kutoka kwenye bodi za sabufa. Zitumie mwishoni kama unapenda, ila zinazogusa emita za ngazi ziwe TL072. Kikomo kikiwa hezi 20 kila emita ina upinzani wa takriban kilohm 58. Ukiipachika pale rezista ya kilohm 100 moja kwa moja, umeubadilisha mzani wa kidato chenyewe. Bafa mbili za TL072 kwanza, yaani saketi zinazonakili volti bila kunyonya mkondo, kutoa baadaye.

Hapa tumefika kwenye ile "dup". Volti ya kuendesha ikipanda, mkondo unapanda kushoto na kulia kwa pamoja. Pande zikiwa sawa, kutoa kunaondoa kila kitu na husikii chochote. Zikipishana, tofauti inabaki, nawe unaisikia. Tofauti ya milivolti 1 tu kati ya transista 2 za jozi ni tofauti ya takriban asilimia 4 ya mkondo, halafu unaikuza mara 250.

Kabla ya kung'oa kitu, tafuta mkosaji yuko upande gani. Chukua kipande cha waya, unganisha emita mbili za jozi ya juu. Ngazi sasa haiwezi kutoa tofauti yoyote. Endesha volti yako juu na chini. Kama "dup" bado ipo, kosa liko kwenye opampu, na mara nyingi ni rezista za asilimia 5 kwenye sehemu ya kutoa. Weka za asilimia 1, zilizochaguliwa kwa mita zifanane. Kama imenyamaza, kosa liko kwenye transista. Jaribio hilo ni la dakika 2 na linakuepusha kubahatisha.

Kulinganisha transista hakuhitaji mashine. Unganisha besi na kolekta, pitisha mkondo kutoka volti 12 kwa rezista ya kilohm 100, utapata takriban mikroampea 114, pima volti kati ya besi na emita kwa mita ya tarakimu. Panga transista zako 50 kwenye kadibodi, andika namba chini ya kila moja. Zinazopishana chini ya milivolti 1 ni jozi. Tahadhari moja, nayo ni kubwa: vidole vyako vina joto. Kila nyuzi 1 ya Selsiasi inashusha usomaji kwa takriban milivolti 2, kwa hiyo transista uliyoishika sasa hivi inasema uongo. Ishike kwa koleo, funga feni, funga dirisha, subiri namba itulie. Niliwahi kupoteza jioni nzima kwa kupima karibu na dirisha lenye upepo, na asubuhi yake hakuna jozi hata moja iliyokuwa jozi.

Weka jozi zako bora chini kabisa na juu kabisa. Hizo ndizo nyeti. Katikati unaweza kulegeza kidogo. Gundisha kila jozi uso kwa uso, pande bapa zigusane, ili zipate joto moja. Kisha ongeza trima ndogo (rezista ya kurekebisha kwa bisibisi) inayosogeza besi moja ya jozi ya chini kwa milivolti chache. Ukiwa huna sauti inayoingia, na volti inapanda na kushuka polepole, izungushe hadi "dup" izame.

Na kama utatumia transista za kuokota, angalia miguu. Bodi za pawa za kompyuta za zamani mara nyingi zina C945 au C1815, nzuri kabisa kwa kazi hii, ila miguu yake ni emita, kolekta, besi. BC547 ni kolekta, besi, emita. 2N3904 ni emita, besi, kolekta. Transista iliyogeuzwa bado hupitisha mkondo kidogo, kwa hiyo kichujio kitaonekana kinafanya kazi huku kikiwa hoi.

Mluzi sasa. Rezonansi ni kurudisha sauti ya mwisho kwenye besi ya pili ya jozi ya chini, ikiwa imepinduliwa. Kwenye kikomo kila kidato kinachelewesha kwa digrii 45, vinne vinakuwa 180, na upinduaji wako unazidisha 180 nyingine. Sauti inarudi ikiwa imekwenda mzunguko mzima na inajisukuma yenyewe. Ila hapohapo vidato vimeipunguza hadi robo. Ili mluzi uzaliwe, unachorudisha lazima kikuzwe mara 4 au zaidi.

Hujaniandikia rezista yako ya kurudishia ni ngapi, lakini nitabahatisha: umeweka kilohm 100, kama ile ya kuingilia. Tupige hesabu na kilohm 1.2 kwenye besi. Mara 250 za opampu, gawanya kwa 84, unapata 3 kasoro. Hakitapiga mluzi hata ukingoje mpaka kesho. Weka kilohm 47 na unapata takriban 6, pamoja na volyumu ya kupunguzia. Pitisha kwenye kapasita ya mikrofaradi 1 isiyo na chanya na hasi, ili volti tuli isirudi kuvuruga mzani. Ikiwa ndogo zaidi ya hapo, rezonansi itafia kwenye sauti nzito.

Jinsi ya kujua umepindua sawasawa: ongeza rezonansi na usikilize sauti nzito. Ikipungua, uko sahihi. Kwenye ukingo wa mluzi sauti nzito hushuka hadi sehemu 1 ya 5, karibu desibeli 14. Watu huiona kasoro na kuitengenezea saketi za kurudisha sauti nzito. Mimi naiacha. Kule kukonda na kunenepa kwa sauti unapozungusha rezonansi ni sehemu ya tabia ya chombo hiki. Kinyume chake, sauti nzito ikiongezeka, ikakwama na kuguruma, umegeuza nyaya.

Jambo lingine linaloua mluzi ni hizo kapasita zako za kauri. Zile za bei rahisi zenye maandishi Y5V hupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake joto likipanda au volti ikibadilika, na kila moja hupoteza kivyake. Vidato 4 vyenye vikomo 4 tofauti havifiki digrii 180 pamoja kwa nguvu inayotosha. Weka polista, nanofaradi 68 zote, na kama mita yako inapima kapasita chagua nne zinazokaribiana. Kati ya vitu vyote ulivyovitaja, kama ningeruhusiwa kubadilisha kimoja tu, ningebadilisha hiki.

Kuhama kwa mchana: volti inageuzwa kuwa mkondo na transista, na kila milivolti 18 kwenye besi yake zinazidisha mkondo mara mbili, yaani oktavu 1. Umeshaona kwamba nyuzi 1 ya joto ni milivolti 2. Basi kutoka nyuzi 24 za asubuhi hadi 33 za mchana ni nyuzi 9, milivolti 18, oktavu nzima. Ukiwa na transista moja tu pale, Morogoro mwezi wa Februari haitakuonea huruma.

Dawa ni transista 2 zilizolinganishwa na kugundishwa, moja ikishika mkondo maalumu usiobadilika na ya pili ikifuata. Kile kinachohama kwa joto kinahama kwa zote mbili, kinajifuta. Kinabaki kitu kidogo: kipimo cha oktavu chenyewe kinanyong'onyea kwa asilimia 0.33 kila nyuzi. Kwa nyuzi zako 9, oktavu 5 kutoka kwenye kituo, kosa ni chini kidogo ya nusu-tona 2. Ngazi yenyewe inaongeza karibu nusu ya nusu-tona.

Kama kichujio ni cha kuchuja tu, ishia hapo, sikio halitalalamika. Kama unataka mluzi wake upigwe kama noti, unahitaji rezista inayopanda kwa takriban sehemu 3,300 kwa milioni kila nyuzi, iguse jozi ile ya kugeuza. Ukiikosa madukani, kumbuka shaba hupanda kwa 3,900. Koili ya rilei ndogo ya volti 12 mara nyingi ina kama ohm 400 za shaba tupu. Ongeza ohm 70 za kawaida mfululizo na unapata 3,300. Iweke mbali na transfoma kwa sababu itanasa mngurumo, na ifungie kwenye kisanduku kimoja na jozi ili joto lifanane. Si maridadi, lakini fizikia yake ni ileile.

Kuhusu pawa nitasema machache kwa kuwa kazi hii unaijua. Transfoma ya 15-0-15, na vidhibiti volti 7812 na 7912. Miguu ya 7912 haifanani na ya 7812: kwanza graundi, kisha kuingia, kisha kutoka. Mgongo wake wa chuma umeungana na mguu wa kuingia, kwa hiyo usizifunge mbili kwenye bati moja bila karatasi ya maika.

Hukuuliza kuhusu uhalali, lakini utakapotaka kuuza utajiuliza. Zamani lilikuwa jambo zito. Kampuni ya ARP, mshindani wa Moog, iliweka ngazi hii kwenye kijisanduku kilichomiminiwa gundi ngumu, namba 4012, kisha ikakiondoa na kuweka kingine cha muundo tofauti, 4072. Hataza za Marekani za wakati ule zilidumu miaka 17 tangu kutolewa, kwa hiyo hii iliisha mwaka 1986. Saketi ni ya kila mtu. Jina la Moog bado lina mwenyewe, usiliandike kwenye uso wa chombo chako.

Fuata mpangilio huu: kapasita kwanza, halafu kipande cha waya juu ya ngazi, halafu rezista ya kurudishia, joto mwisho. Baada ya kila hatua funga mlango wa sauti, fungua rezonansi yote, na sikiliza. Siku mluzi utakapotoka safi kutoka chini hadi juu bila kukatika, niandikie volti za besi zako 4 na mkondo wa ngazi kwenye hezi 1,000. Ukisoma karibu mikroampea 44 na BC547 za dukani, mwoneshe jamaa yako hiyo mita.